Siku ya Watumishi: Namna ya Kuitengeneza Ilete Umoja Kazini



Somo letu ni juu ya siku ya watumishi. Maana yangu ni ile siku moja ambayo wakubwa na wadogo wa mahali pamoja pa kazi huacha shughuli zao za kila siku, wakakutana ili wajuane na wapate kushirikiana vema zaidi. Wengine huiita sherehe, wengine bonanza, wengine matembezi. Jina si kitu. Neno kubwa ni hili: siku hiyo ikiisha, je, kazi ya Jumatatu itakwenda vizuri kuliko ilivyokwenda Ijumaa? Kama jibu ni hapana, basi watu wameshiba tu, na fedha zimekwisha.

Nitaeleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini watu wengi wakishika kazi moja nguvu ya kila mmoja huweza kupungua. Pili, wazee wa Rungwe walijua nini juu ya kula pamoja. Tatu, hatua sita za kuitengeneza siku yenyewe. Wewe uliye na maandishi haya mkononi, keti na wenzako. Mmoja asome, wengine wasikilize, na mwisho mjibu maswali kwa pamoja.

MFANO WETU

Tuchukue mfano wa mahali panapojulikana na kila mtu wa Tukuyu, yaani Makandana, penye hospitali ya Wilaya ya Rungwe. Sisemi habari za mtu ye yote wa pale, wala kosa lo lote lililotendeka pale. Nachukua hospitali kwa sababu ni kazi isiyofungwa mlango usiku wala mchana, tena ni kazi inayopita katika mikono mingi. Mambo nitakayosema yafaa pia shule, kiwanda cha chai, ofisi ya kata au duka kubwa.

Tuseme mtoto mwenye homa kali analetwa saa nane za usiku. Mlinzi anafungua lango. Karani anaandika jina. Muuguzi anapima joto la mwili. Tabibu anamwangalia na kuandika dawa. Mtu wa maabara anapima damu. Mtunza dawa anatoa dawa. Asubuhi zamu inabadilika, na muuguzi mwingine anampokea mtoto yule. Hesabu, utaona ni watu 7. Kila mmoja wao aweza kuwa hodari kabisa katika kazi yake, na bado mtoto akapata madhara kwa sababu neno moja limepotea katikati. Labda muuguzi wa usiku alisema dawa ya pili itolewe saa mbili, na yule wa asubuhi akasikia saa nne. Labda hakusikia vizuri, lakini akaogopa kuuliza mara ya pili, maana aliyekuwa akisema naye ni mkubwa, na hawajapata kuzungumza hata siku moja ila kwa amri.

Basi hapo ndipo faida ya kujuana ilipo. Watu wanaojuana huulizana bila hofu, na kuulizana kwaweza kuokoa mtoto.

KAMBA NA WATU WANAOIVUTA

Wengi wetu tumeona mchezo wa kuvuta kamba siku ya Mei Mosi, au katika michezo ya SHIMISEMITA, ambayo ni ya watumishi wa serikali za mitaa. Mchezo huu una fundisho kubwa ndani yake.

Alikuwako Mfaransa mmoja, mtaalamu wa mitambo ya kilimo, jina lake Maximilien Ringelmann. Alipima nguvu za watu wakivuta, na mwaka 1913 akachapisha aliyoyaona. Mtu akivuta peke yake, tuiite nguvu yake 100. Wakivuta wawili, kila mmoja alitoa kama 93. Wakivuta watatu, kila mmoja kama 85. Wakafika 8, kila mmoja akatoa kama 49 tu. Yaani watu 8 walivuta kama watu 4.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba hawakuvuta kwa wakati mmoja. Huyu alivuta yule akipumzika. Lakini iko sababu ya pili, nayo ilionekana wazi mwaka 1974 huko Marekani. Alan Ingham na wenzake walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamwambia kwamba nyuma yake wako wengine wanaovuta pamoja naye. Kumbe wale wa nyuma walijisingizia tu kuvuta, na mtu yule alikuwa akivuta peke yake. Hata hivyo alivuta kwa nguvu ndogo kuliko alipojua kwamba yu peke yake. Alidhani wengine wapo, na kwamba sehemu yake haitaonekana.

Shika mambo haya mawili, maana ndiyo msingi wa somo lote. Watu wanaofanya kazi pamoja wanahitaji mwito mmoja, na kila mmoja anahitaji sehemu yake ionekane. Mfagiaji asiyepata kutajwa hata mara moja kwa mwaka ni kama yule aliyefungwa macho. Haoni kama kuvuta kwake kuna maana. Siku ya watumishi ni ya kufungua vitambaa hivyo.

UKWANGALA

Sasa tutazame nyumbani. Miaka ya 1930 wataalamu wawili wa mila, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu kiitwacho Good Company, na jina hilo limetoka katika neno ambalo wazee wa hapa hawahitaji kufasiriwa, nalo ni ukwangala. Maana yake ni raha ya kukaa na wenzako, kula na kunywa na kuzungumza pamoja, na tena ule msaada unaotokana na urafiki huo.

Zamani wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe kando ya wazazi wao. Kabla hawajaoa waliendelea kula kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtu aliyejitenga na kula peke yake hakusifiwa. Waliamini kwamba akili na adabu hupatikana katika mazungumzo ya wenzako, wala si katika kujifungia.

Lakini angalia jambo hili. Ukwangala wa zamani ulikuwa wa watu wa rika moja, watu walio sawa. Kazini hatuko sawa. Yuko Mganga Mfawidhi, na yuko mhudumu aliyeajiriwa mwezi uliopita. Ukiwaacha watu wajiketie wenyewe, waganga watakaa na waganga, madereva na madereva, na siku itakwisha kila mmoja akiwajua wale aliowajua tangu zamani. Kwa hiyo siku ya watumishi haitengenezwi kwa kununua chakula tu. Yataka mpango.

HATUA SITA

Hatua ya kwanza: tafuteni jambo moja la kutengeneza. Wiki nne kabla ya siku, wekeni sanduku lenye tundu juu. Kila mtumishi aandike jibu la swali hili bila kutia jina lake: "Katika kupokeana kazi, ni jambo gani moja linalonichelewesha zaidi?" Asiyependa kuandika amwambie mwenzake anayemwamini amwandikie. Someni majibu yote, kisha chagueni jambo lililotajwa mara nyingi. Moja tu. Siku moja haiwezi kutengeneza mambo kumi.

Hatua ya pili: chagueni kamati ya watu 5. Awemo muuguzi mmoja, mtu mmoja wa maabara au wa dawa, mmoja wa ofisi, mmoja wa walinzi, wapishi au wahudumu, na kiongozi mmoja. Mkubwa wa kazi akubali tarehe na fedha, lakini asichague kila kitu peke yake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakanya viongozi juu ya majivuno na ubabe kwa wanaowaongoza, na mafundisho hayo hayajachakaa. Watu hawana moyo na siku wasiyoulizwa.

Hatua ya tatu: chagueni siku na mahali. Hospitali haiwezi kuachwa tupu, kwa hiyo fanyeni mara mbili. Nusu ya watumishi wahudhurie wiki hii, nusu wiki ijayo, na shughuli zote ziwe zile zile. Aliyekesha zamu ya usiku asiitwe asubuhi yake, mwacheni alale. Siku ihesabiwe kuwa siku ya kazi, maana mtu akinyang'anywa mapumziko yake ili aje kujenga umoja, atakuja na kinyongo.

Rungwe ni nchi ya mvua. Hata Mei Mosi yenyewe mara nyingi huja mvua ya masika haijaisha. Afadhali miezi ya Julai mpaka Septemba, ijapokuwa kuna baridi, na lazima pawepo ukumbi wa karibu wa kukimbilia. Msichague Jumapili kwa ajili ya wanaokwenda kanisani, wala Ijumaa adhuhuri kwa ajili ya Waislamu, wala Jumamosi kwa ajili ya Wasabato. Katikati ya wiki ni salama zaidi.

Je, twende mbali? Ziwa Ngosi ni zuri, na Daraja la Mungu katika mto Kiwira hupendeza sana. Lakini kupanda mpaka Ngosi ni kazi. Mama mjamzito, mzee mwenye maumivu ya goti na mwenye mtoto mchanga watabaki nyuma, nanyi mlitaka kuwaunganisha watu wote. Kwa mara ya kwanza, uwanja wa karibu hapo hapo Makandana watosha, na fedha ya gari itumike kwa chakula.

Hatua ya nne: pangeni chakula na kuketi. Ndizi, maharage, nyama, maparachichi na chai ya maziwa, hakuna mtu wa Rungwe atakayelalamika. Pombe isiwepo, kwa kuwa wako wasiokunywa na wako watakaorudi kazini. Wapishi wa mahali pa kazi wasipike siku hiyo. Tafuteni wapishi wengine, maana hao wenu nao ni watumishi, na siku hii ni yao pia. Viongozi ndio wawapakulie watu chakula.

Kuhusu kuketi, kateni karatasi za rangi mbalimbali, mtu achukue moja bila kutazama. Wenye rangi moja ni kundi moja, watu 6 kila kundi. Lakini kamati iulize kwa siri kabla ya siku kama wako wasioweza kuwekwa pamoja. Wazee wetu walishika sana mila ya mke kutokaribiana na baba mkwe wake, na wako wanaoishika hata sasa. Kumlazimisha mtu avunje heshima ya nyumbani mbele ya watu si kujenga umoja.

Hatua ya tano: chagueni shughuli chache zenye maana. Mimi nashauri tatu.

Shughuli ya kwanza ni kuvuta kamba. Vuteni mara ya kwanza kila mtu apendavyo. Kisha kila upande uchague mtu wa kuita, na wote wavute kwa sauti yake. Mwitaji asiwe mkubwa wa kazi, awe mhudumu au dereva. Baadaye waulizeni watu: mwito ulibadili nini? Na kazini kwetu mwito ni upi? Wasiovuta wawe waamuzi na wahesabu. Tafadhalini, mtu ye yote asizungushe kamba mkononi wala kiunoni, na kamba iwe imara. Mwaka 1997 huko Taipei kamba ilikatika watu wengi sana wakivuta, na wanaume wawili walikatika mikono.

Shughuli ya pili ni kupeleka neno. Kila kundi lisimame mstari. Mtu wa kwanza apewe maagizo ya mambo 7, kwa mfano jina la mgonjwa, namba ya kitanda, dawa na saa ya kuitoa. Amnong'oneze wa pili, wa pili amwambie wa tatu, mpaka wa mwisho aseme kwa sauti. Watu watacheka sana, maana maneno yatakuwa yamegeuka. Kisha rudieni kwa maagizo mengine, lakini safari hii kila anayepokea lazima ayarudishe maneno kwa aliyempa, naye aseme "ndivyo" au amsahihishe. Linganisheni makosa ya mara ya kwanza na ya mara ya pili. Hapo kicheko kitakuwa kimegeuka somo, wala mwalimu hahitaji kusema mengi.

Shughuli ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni njia ya mgonjwa. Kila kundi litandike mawe au karatasi chini, kuanzia lango mpaka kitanda, na kutoka kitanda mpaka mgonjwa anaporudi kwao. Penye kila jiwe mtu asimame aseme mambo mawili: "Hapa mimi nafanya hivi," na "Ili niifanye vema, namhitaji fulani anipe kitu hiki." Mlinzi aseme kwanza, kwa sababu ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Dobi na mfagiaji waseme kama wengine. Mganga aseme wa mwisho. Mkubwa akisema kwanza, wengine watamwitikia tu. Hapo kila sehemu itaonekana, na vile vitambaa vya macho vitaanza kufunguka.

Ratiba yaweza kuwa hivi. Saa tatu asubuhi, chai na kuchukua rangi. Saa tatu na nusu, kuvuta kamba. Saa nne na nusu, kupeleka neno. Saa tano na nusu, njia ya mgonjwa. Saa saba, chakula na mazungumzo yasiyo na hotuba. Saa nane, ahadi. Saa tisa, watu waende makwao kabla ya ukungu kushuka.

Hatua ya sita: wekeni ahadi moja. Rudieni lile jambo mlilolitoa katika sanduku. Kila kundi lipendekeze dawa yake, kisha mpige kura. Nusu ya pili watakapokutana wiki ijayo, wapewe pendekezo lile walijadili, ndipo lithibitishwe. Ahadi iwe ndogo, yenye kuonekana. Kwa mfano: "Katika kubadilisha zamu, anayepokea atarudisha maneno ya kila mgonjwa kabla ya mwenzake kuondoka." Andikeni ahadi hiyo ukutani. Chagueni watu wawili wa kuiangalia. Baada ya siku 30 kutaneni kwa nusu saa tu, muulizane: tumeitimiza? Siku ya watumishi isiyo na siku ya 30 ni kama mbegu iliyopandwa isipaliliwe.

JAMBO LA KUJIHADHARI

Yako mambo ambayo siku hii haiwezi kuyaponya. Kama watu wanadai malipo ya kazi za ziada, kama hawakupandishwa vyeo walivyostahili, kama glovu hazitoshi, msiwafunike kwa wimbo na wali. Mambo hayo yana mahali pake, yaani baraza la wafanyakazi na chama cha wafanyakazi kama TUGHE. Kiongozi akitumia karamu ili watu wanyamaze, watakula, watapiga makofi, na imani yao kwake itapungua kuliko ilivyokuwa. Afadhali aseme waziwazi mwanzoni: "Haya tutayatengeneza leo. Yale yatakwenda katika baraza tarehe fulani." Na tarehe hiyo aitimize.

Tena, msifanye siku nzima kuwa ya mashindano. Mpira una watu 11 kila upande, na wengine wote ni watazamaji. Mashindano ni mazuri kwa afya na kwa furaha, lakini humwonyesha mwenye mbio. Sisi twataka aonekane hata yule anayefua mashuka.

MUHTASARI

Kumbukeni: mwito mmoja, na sehemu ya kila mtu ionekane. Jambo moja la kutengeneza, kamati ya watu mchanganyiko, siku isiyomwacha mtu nje, chakula kinachochanganya watu, shughuli zinazofanana na kazi, na ahadi ya kuangaliwa baada ya siku 30. Mkifanya hivyo, yule mtoto atakayeletwa saa nane za usiku atawakuta watu 7 wanaosikilizana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mahali penu pa kazi, kazi moja hupita katika mikono ya watu wangapi? Watajeni kwa kazi zao.
2. Ni mtumishi yupi ambaye sehemu yake haionekani? Mtafanya nini ionekane?
3. Mkikutana kwa chakula, ni nani hukaa na nani? Kwa nini?
4. Kama siku ya watumishi ingekuwa mwezi ujao, ni nani asingeweza kuja kwa sababu ya zamu, dini, afya au mtoto? Mtamsaidiaje?
5. Andikeni ahadi moja ambayo mwaweza kuipima baada ya siku 30.

Kazi ya nyumbani: kabla ya somo lijalo, mwendee mtumishi mmoja usiyemjua vizuri, umwulize kazi yake ni nini na kitu gani anakihitaji kutoka kwako. Kisha mweleze na yako.